Salongo ya Garaji ya Mama

Buffalo, Jumamosi jioni. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi. Viganja vyangu vimejaa vibanzi vya mbao na hata kikombe nakishika kwa shida, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Nimechoka. Na si uchovu wa kulala ukaisha.

Hii nyumba Kaka Innocent anaiita nyumba yetu ya pili. Yeye anaishi Louisville, mtaa wa Iroquois, mimi niko Columbus, na karatasi za nyumba zina majina yetu sote wawili. Ukweli ni kwamba ni nyumba ya mama. Ndiyo ya kwanza tuliyoinunua baada ya kutoka kambi ya wakimbizi na kuletwa Amerika, na tangu baba afariki mama anaishi humu peke yake, na akili zake timamu na goti lake bovu. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu karibu na garaji, akakaa chini mpaka jirani alipomwona. Wakati ule nilikuwa kazini, namwogesha mama wa mtu mwingine kwa mshahara. Hilo bado linanichoma.

Basi mimi na kaka tukaamua. Tuuze nyumba, mama aje kwangu Columbus. Dalali akasema hakuna mnunuzi atakayeitazama nyumba yenye garaji iliyoinama vile. Tuinyooshe kwanza, Jumatatu atakuja kupiga picha. Mama tukamwambia nusu tu: tunakuja kutengeneza garaji. Nusu ya pili tulipanga kumwambia kazi ikiisha, kwa upole, tukiwa wawili.

Mama yangu akaenda akatangaza kanisani.

Asubuhi kaka bado anahangaika na jeki, tukasikia magari. Wakashuka wanaume na nyundo zao, akina mama na masufuria, na mbele yao shemasi wetu, Baba Neema, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. "Salongo!" akapaza, wenzake wakaitikia. Aliyezaliwa Kongo hahitaji kuelezwa. Salongo ni kazi ya wote, hailipwi, inalishwa. Leo kwako, kesho kwangu. Lakini huwaiti watu salongo kwa kitu unachotaka kuuza. Anayeuza huajiri mafundi. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni aibu tu, na aibu inatosha.

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama ndoo ya misumari.

Tungeweza kusema pale pale. Hatukusema.

Garaji yenyewe ni ya mbao, kuukuu kuliko sisi sote. Mbao za chini, zile zilizolala juu ya simenti, zilikuwa zimeoza. Ukizigusa zinamomonyoka kama mkate uliolowa. Tukanyanyua ukuta kwa jeki, kidogo kidogo, watu wakiusukuma kwa mabega, tukachomoa mbovu tukaingiza mpya. Kaka alikuwa amejifunza kwenye video na alitaka kupima kila kitu. Wazee walifumba jicho moja wakasema ni sawa. Kila mtu alikuwa injinia. Kaka, ambaye wiki nzima anabeba maboksi boharini, alikasirika akaenda kukaa garini, kisha akarudi mwenyewe kwa sababu hakuna aliyekwenda kumbembeleza. Akina mama walibeba mbao mbovu wakiimba. Nami niliimba, na kila nilipoitikia nilijiona mwongo.

Mchana tulikula mle mle garajini, bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Mama alizunguka na sahani, akikaa kidogo na kila mmoja, akinong'ona, akicheka. Nikafikiri anawashukuru. Halafu Baba Neema akaomba, akamwambia Mungu amtunze mama yetu ndani ya nyumba hii miaka mingi. Amina ya kaka ilitoka kwa shida. Yangu haikutoka.

Alasiri wote wameondoka, garaji imesimama wima. Kaka naye ameshika barabara ya Louisville, kesho ana zamu. Ile nusu ya pili ameniachia mimi. Asante sana, kaka.

Nilimkuta mama anasugua sufuria. Nikaanza, "Mama, kuna neno." Hakugeuka.

"Ule dalali yenu alikuyaka huku," akasema. "Nikamupatia chai. Akapima kiwanja, akaenda. Donc najua."

Nilikaa kwenye kiti.

"Bon. Munaogopa nitaanguka tena, ni haki yenu. Kila mutu mwenye alikula leo, nimemupa wiki yake ya kuniangalia. Baba Neema ni wa kwanza, atatosha theluji mu njia, aitupe pembeni. Bibi yake atalala huku siku za barafu. Walikubali bugali ikiwa mu mikono yabo. Sasa weye uwapigie simu, uwaambie munauzisha."

Nimesuuza vyombo. Nilitaka kukasirika, na nimekasirika kidogo. Ametulisha, akatufunga mikono mbele ya kanisa zima. Amepanga maisha yake bila kutuuliza.

Sisi tulipanga maisha yake bila kumuuliza, na wala hatukumpikia kitu.

Sijui nani ana haki. Goti ni lile lile. Shemasi naye ana kazi zake, na theluji ya Buffalo haijali ahadi za watu walioshiba. Nitakuwa Columbus, na kila simu ikilia alfajiri moyo utanidunda. Hofu hiyo salongo haiiondoi. Hata hivyo dalali nimemtumia ujumbe asije Jumatatu. Kaka bado yuko njiani, sijamwambia. Atapiga kelele, na mimi nitamwacha apige.

Kazini tunafundishwa kwamba ukiingia chumba cha mzee, kabla ya kugusa shuka lake, unamuuliza: leo ungependa nini? Nimewauliza wazee ambao hata majina yao siwezi kuyatamka. Wa kwangu sijawahi kumuuliza.

Taa ya chumbani kwake bado inawaka. Naacha kuandika, naenda kubisha mlango.