L au R ya Baba

Jumanne.

Fundi wa Nyakato amepiga simu tena. Msalaba wa kaburi la baba umekamilika, kilichobaki ni jina. "Niweke Magela au Magera?" Nimemwambia asubiri. Mtu mzima, sijui jina langu linavyoandikwa.

Kaka yangu anashikilia R, anasema asili yetu ni Mara. Kitambulisho changu kina L, na kwa L sisi ni Wasukuma wa Misungwi. Ili kumaliza ubishi, kaka alituma mate yake ng'ambo yapimwe vinasaba. Majibu yamekuja leo: anatoka Afrika Mashariki. Hilo hata mimi ningemwambia, tena bure.

Nikampigia shangazi, dada yake baba. Baada ya shikamoo nikamuuliza jina letu hasa ni lipi.

"Magera," akasema.

Nikamwomba arudie.

"Si nimeshasema? Magela."

Hakuona tofauti yoyote. Akaanza kuniuliza habari za watoto.

Kesho fundi anataka jibu. Nimelitamka jina polepole, kama baba alivyokuwa akijitambulisha kwenye simu. Sijasikia L wala R. Nimemsikia baba tu.