Blanketi la Betri

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini hujambo huko uliko. Huku tu wazima, paka kazaa stoo, na bomba la jikoni linavuja vilevile ulivyoliacha.

Ile betri ya umeme wa jua inayoendesha mashine ya oksijeni ya Mama nusura ichukuliwe. Ni ya majaribio, si unajua: chuo kikuu wameibuni, kiwanda wameiunda, wakatuwekea sebuleni bure. Basi ikaanza kupata joto kila jioni. Mhandisi wa kiwanda akadai chuo wamekosea hesabu. Mhadhiri naye akadai kiwanda wamelipua kazi. Wote wakasema ikiendelea hivyo wataiondoa. Mimi roho juu, maana umeme wa kawaida hukatika ovyo, na Mama siku hizi hawezi kukaa bila mashine hata kidogo. Hilo kwenye simu sikukuambia.

Jana jioni wakaja wote wawili bila taarifa. Wakaikuta betri imefunikwa gubigubi kwa lile blanketi zito la Mama.

“Nani kafanya hivi?” mhandisi akauliza.

“Mimi,” Mama akajibu. “Inanipumulia kutwa nzima, halafu niiache na baridi yote hii?”

Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini. Mhadhiri alivua miwani, akafuta macho. Kumbe joto lilikuwa la blanketi, Mama huifunika kila jioni nikiwa jikoni. Betri inabaki, kaka! Nimewashukuru mpaka maneno yakaniishia.

Blanketi nilimrudishia Mama, akalikataa. Kaniambia nilitandike kwenye kitanda chako.

Ni mimi,
Dada yako