Jina la Muuaji

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo mchezo wa redioni umenoga! Inspekta Kitojo amepata kikombe chini ya kaunta, kina sumu. Kumbe Bwana Sudi mwenye duka aliuawa. Sisi tulijua tangu wiki ya kwanza, lakini yule inspekta anapenda kujivuta.

Mimi jikoni, redio dirishani, sauti juu. Tata, baba mkwe wangu, nje ukutani kwenye kiti chake cha plastiki. Hivyo ndivyo tunavyosikiliza. Hapa Sironga baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, hata mvua inyeshe, hata huyo mwana awe amekufa miaka miwili sasa. Wanaita chinsoni. Kwetu Homa Bay pia tuna adabu zetu, lakini hawa Wakisii wamezidi jamani.

Akauliza kupitia dirisha: mama Phanice, wewe unashuku nani? Nikasema Rashidi, mtoto wa marehemu. Yaya, hapana! Akakasirika kabisa. Mtoto wa kiume hawezi kumfanyia babake hivyo, akasema, muuaji ni yule daktari. Tukabishana mpaka chai ikamwagika jikoni.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, redio imeurudisha tu. Tata aliusikia akiwa kijana, akakosa kipindi cha mwisho kwa sababu jioni ile ndiyo mume wangu Haron alizaliwa. "Nilipata mtoto, nikakosa muuaji." Zamani alikuwa akisema hivyo anacheka.

Amekohoa sana leo.

Jumatano, 4 Juni

Tata amelazwa hospitalini Kisii. Maji kwenye mapafu. Orpah ameenda naye — binti yake, wifi yangu, yule aliyerudi nyumbani baada ya kuachana na mumewe. Hanipendi na wala hafichi. Nimeuliza kama niandae nguo za mzee. Akasema nguo za babake atashika yeye.

Sawa.

Jumapili, 8 Juni

Nimesikiliza peke yangu. Muuaji si yule daktari! Alikuwa harusini Mosocho, watu wote walimwona. Nikageuka dirishani nikasema, "Tata, umesikia huyo daktari wako?"

Kiti kitupu. Nimejisikia mjinga, kisha nikalia kama mtoto. Haron alipokufa kwa ile ajali ya Keroka, watu walikuja wiki mbili, wakaisha. Mzee ndiye alibaki. Hakujua la kuniambia, akaniuliza tu kama redio yangu inashika ile stesheni ya michezo ya kuigiza. Tumeanzia hapo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunga cherehani mapema, nikaenda Kisii. Afadhali nisingeenda.

Nilisimama kwenye korido. Sikutaka kuingia, mzee amevalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nami ni mke wa mwanawe. Nikampa nesi uji ampelekee. Nesi si wa huku. Akanifokea — mgonjwa wako anaumwa na wewe umesimama huko unaringa? Akanishika mkono, akanivuta hadi kitandani.

Tata aliponiona alijifunika blanketi mpaka kichwani. Miguu ikabaki nje. Myembamba hivi! Sijawahi kuona miguu ya mzee huyu. Nikaweka uji chini nikatoka karibu nikimbie. Orpah alikuwa mlangoni, ameona yote. Heri angenitukana.

Jumapili, 15 Juni

Kipindi cha mwisho. Nimeketi nimeshika redio mapajani.

Ni Rashidi. Mtoto! Alimtilia babake sumu kwa sababu ya duka. Inspekta alipomtaja, yule mwigizaji wa Rashidi alilia kwa sauti ambayo imenikaa kifuani mpaka sasa. Nilikuwa nimepatia, na furaha hata kidogo sina.

Nitamwambiaje? Amemtetea yule kijana tangu mwanzo. Alipata mtoto, akakosa mwisho wa mchezo, mtoto akafa, sasa mwisho wenyewe ndio huu. Mungu naye!

Jumanne, 17 Juni

Wamemrudisha. Madaktari wamesema hakuna zaidi, akae na watu wake. Orpah amemlaza chumbani. Sebuleni naingia kama kawaida, chumbani kwake siwezi. Nikazunguka nyuma, nikakaa kwenye jiwe chini ya dirisha lake. Nikasema hodi, Tata.

Akaita, "Mama Phanice. Nani aliua?"

Hata salamu hakungoja! Sauti imekuwa nyembamba. Mimi nikafungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe: hawajamaliza, Tata. Wameongeza vipindi. Sasa ni kila siku.

"Kila siku?" Nikasikia amefurahi. "Basi kesho uniambie."

Nimefanya nini?

Jumatano, 18 Juni

Nimetunga. Mimi, fundi wa sare za shule! Nikasema mpishi wa Bwana Sudi amekamatwa stendi ya basi ana shilingi za marehemu mfukoni. Akacheka, akakohoa, akasema huyo mpishi alimshuku tangu zamani. Orpah anasema leo amekunywa uji wote. Amenisemesha yeye mwenyewe, sikumuuliza.

Alhamisi, 19 Juni

Mpishi ametoroka. Mzee amekula nusu.

Ijumaa, 20 Juni

Leo amenishika kwenye uongo. Nilikuwa nasema mpishi ndiye alimpikia Bwana Sudi chai ile jioni. Akanikatiza: jioni ile mpishi alikuwa Tanga kwa mazishi, ilisemwa kipindi cha pili. Nikasema labda alirudi mapema.

Nilisikia tu akivuta pumzi, inavyokwaruza. Kisha akasema kwa upole, "Labda. Endelea."

Anajua. Anajua natunga, na bado ananiambia niendelee! Nimeendelea mpaka nimekosa sauti. Orpah alinitolea chai nje, akakaa kando yangu kwenye jiwe.

Jumamosi, 21 Juni

Amelala siku nzima. Nilisimulia hivyo hivyo. Sijui alisikia.

Jumapili, 22 Juni

Sikuenda kanisani. Naandika hapa chini ya dirisha, mvua imekatika sasa hivi, jiwe limelowa nami nimelowa. Nilianza mapema. Nikamleta dereva wa lori, nikamleta mjomba kutoka Kisumu, watu wengi mpaka mimi mwenyewe nawachanganya. Kila nikinyamaza nasikia ile pumzi. Ikikawia naongeza mtu.

Orpah ametoka. Macho yamevimba. Anasema mzee ananiita.

Nimesema nipo hapa, namsikia. Akasema hapana — ndani. Chumbani.

Nikamwambia Orpah, hiyo haifanyiki, wewe ndiye Mkisii hapa, unajua kuliko mimi. Akasema anajua. Akasema mzee amevalishwa shati safi na suruali, ameomba mwenyewe, ameomba asikae amefunikwa. Amesema kama yeye ndiye mzee wa boma hili basi yeye ndiye anaruhusu.

Nikauliza, anataka nini? Nimwendelezee?

Akatikisa kichwa. Mzee amesema hadithi imetosha. Ni tamu lakini amechoka. Anataka jina tu. Leo.

Orpah amenishikia mlango. Hanihimizi. Nimepangusa matope miguuni mara ya pili sasa, na bado naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niingie. Nikitaja mpishi, atajua. Nikitaja Rashidi, hatakuwa na kingine cha kungojea.

Ananiita tena. Hasemi mama Phanice. Anasema mwanangu.