Picha ya Mvi za Bi Kadii

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kilifi. Tarehe 12 Februari 2026, saa tatu na robo asubuhi.
Jina: Cynthia Ndinda Kioko. Umri: miaka 23. Kazi: karani wa studio ya picha. Makazi: Mnarani.

Nimeajiriwa na Bwana Chengo, mpiga picha, katika studio yake mjini Kilifi. Napokea wateja na kusimamia ukurasa wetu wa Facebook. Kila Jumatatu naweka picha ya mteja mmoja ili watu waione kazi yetu.

Mnamo Jumamosi tarehe 7 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikuja Bi Kadii Ngala, mjane wa miaka sabini na mmoja, mkulima wa Tezo. Alitaka picha ya kumpelekea bintiye aliyeolewa Junju. Alipokaa kilemba kilimwanguka, nywele zikaonekana, nyeupe pe. Bwana Chengo akapiga. Bi Kadii akasema, "Hizo nywele zitieni weusi kwenye kompyuta yenu. Rangi yangu imeniishia." Zikatiwa. Nikamwomba ruhusa ya kuiweka picha kwenye ukurasa. Akajibu, "Hiyo nyeusi, haya."

Jumatatu tarehe 9, saa sita na dakika arobaini mchana, niliweka ile nyeupe. Sikukosea faili. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa nzuri zaidi, na nikaandika jina lake na Tezo. Wazazi wangu walitoka Machakos. Nyumbani nimelelewa nikijua mvi ni heshima. Nilidhani anauonea haya uzee tu. Sikumwuliza.

Kufikia saa kumi na moja jioni zaidi ya watu elfu mbili walikuwa wameipenda. Chini yake Mangi Ngala, mdogo wa marehemu mume wa Bi Kadii, aliandika kwa jina na sura yake mwenyewe: "Mvi hizi ndizo zilizommaliza kaka yangu. Mvua za mwaka huu hazitazikuta."

Jumanne saa mbili asubuhi nilimkuta Bi Kadii mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliniambia kwamba wapo watu ambao humwita mchawi mzee yeyote mwenye mvi na shamba, na wapo wazee waliokatwa mapanga kwa neno hilo. Hupaka nywele rangi tangu mumewe azikwe. Mangi analitaka shamba.

Nililia. Nikashika simu niifute picha. Akanikamata mkono.

"Ukiifuta, na maneno yake yanafutika?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi iache. Miaka minne nimejificha mimi. Sasa na ajifiche yeye."

Jana Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, Mangi aliingia studio. "We karani, toa picha ya shemeji yangu. Unamwaibisha."

Nikamwuliza kama yale maneno ni yake.

"Yangu. Utani wa shemeji. Utaujulia wapi, mtu wa bara wewe?"

Nikamwambia utani hauna msimu wa kufa mtu. Akagonga kioo cha meza kwa pete. "Kizuri hiki. Kitunzeni. Na njia ya Mnarani ina giza, mtoto."

Niliogopa. Sioni haya kulisema hilo. Bwana Chengo akaninong'oneza, "Cynthia, ifute tu. Tutavunjiwa duka." Nikamjibu kwa sauti, ili Mangi asikie, kwamba anaweza kunifukuza kazi, lakini picha haitoki. Bwana Chengo akawasha printa. Ukurasa ukatoka mkubwa, kwenye karatasi ya picha inayong'aa: uso wa Bi Kadii, na chini yake maneno ya Mangi, jina na tarehe. Mangi aliuona ukitoka. Akaondoka bila kuaga.

Tulichapa nakala tatu. Moja naikabidhi hapa. Ya pili iko Junju kwa bintiye. Ya tatu sisemi iko wapi.

Kosa la kuweka picha ile ni langu, na liandikwe hivyo. Nimeulizwa kama ningependa jina langu lifichwe. Sitaki. Leo asubuhi Bi Kadii amepigwa picha nyingine, kichwa wazi. Itawekwa Jumatatu. Safari hii nimemwuliza.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, na sipunguzi neno.

Sahihi: C. N. Kioko

Yameandikwa nami, Koplo Owen Nyale. Nimepokea picha moja kama kielelezo. Shahidi aliombwa apumzike kabla ya kutia sahihi, akakataa. Mangi Ngala ameitwa kituoni leo saa nane mchana.