Mtumbwi wa Haliburton Ndani ya Bwawa la Istiraha

Jumapili, 25 Januari 2026. Riyadh

Nimerudi ukumbini kumalizia habari ya gazeti juu ya wasanii wa Haliburton. Ni wilaya ya maziwa huko Kanada, kaskazini mwa Toronto. Watu wa mjini wana nyumba za mbao kando ya maji. Huja kiangazi, na baridi ikiingia hufunga milango na kuondoka. Wanaobaki mwaka mzima, wengi ni wachoraji, wafinyanzi na maseremala — ndivyo asemavyo Lawrence, mchoraji aliyeleta maonyesho. Maziwa mangapi? Mamia, anasema. Nimeandika "anasema".

Picha ishirini na mbili za maji. Na mtumbwi mmoja, aliouunda babu yake. Si gogo lililochongwa, ni mbao nyembamba za mwerezi zilizopigiliwa kwenye mbavu kwa misumari ya shaba. Jumatatu ya tarehe 2 Februari utaelea Jeddah mbele ya wageni.

Lakini leo Lawrence kanionesha nyufa. Kati ya ubao na ubao unaona taa za upande wa pili! Wiki mbili za kiyoyozi na hewa ya Riyadh, basi. Jana, anasema, zilikuwa tatu; leo nimehesabu kumi na moja.

Jumatatu, 26 Januari

Mazin, msimamizi wa maonyesho, amekuja na katoni ya gundi ya silikoni. Lawrence azibe nyufa, apige rangi, halas, yamekwisha. Lawrence kashika mirija miwili kama mtu aliyepewa bastola. Yeye anachora mitumbwi, hajawahi kuunda hata mmoja. Na kwao jambo hili halijatokea: vyombo vyao vinalala ndani ya vibanda vilivyojengwa juu ya maji. Mbao zao hazikauki.

Tukasikia sauti mlangoni, kwa Kiswahili, inaniambia mimi.

"Mama, hiyo gundi mwambie aiwache."

Mlinzi. Wiki mbili tumesalimiana tu, kwa Kiswahili. Anaitwa Elkanah Odero, wa Rusinga, Ziwa Viktoria. Baba yake fundi wa boti, na yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo miaka tisa kabla ya kuja huku.

Nikamuuliza ana hakika. "Hii mbao haina ugonjwa, ina kiu tu. Ukiziba sasa, siku itakunywa maji itafura. Itakosa pa kwenda. Itang'oa misumari yote."

Basi kwenu mnafanyaje?

"Tunaizamisha."

Mnaizamisha!

"Na mawe ndani. Siku mbili, tatu. Watoto wanaogelea juu yake. Ukiitoa imejifunga yenyewe."

Nimetafsiri kama nilivyosikia, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Mazin alicheka mpaka akakaa kitako. Akasema mlinzi kazi yake mlango, yalla, arudi mlangoni. Elkanah alirudi, lakini alitembea taratibu, kama mtu anayejua ataitwa.

Lawrence hakucheka. Alipitisha kidole ndani ya ufa mmoja, akauweka mrija chini.

Jumanne, 27 Januari

Elkanah aliitwa saa nne asubuhi.

Lawrence ameamua: mtumbwi ni wa babu yake, hatautia gundi. Mazin naye ameamua: asilaumiwe yeye. Ameandika karatasi kwa Kiarabu. Nilimsomea Elkanah neno kwa neno, sikulainisha kitu. Kwamba ushauri ni wake. Kwamba mtumbwi ukiharibika, au ukivuja siku ya Jeddah, kampuni ya ulinzi ambayo ndiyo kafili wake, mdhamini wake nchini, itaarifiwa, mkataba utavunjwa, na atapewa viza ya kuondoka nchini moja kwa moja.

Elkanah aliisogeza karatasi karibu yake. Ana mke, Fridah, na watoto wawili sekondari. Nilimwambia: Kaka, hulazimiki.

"Najua." Kisha: "Muulize, hiyo ni ikivuja. Ikikosa kuvuja je?"

Mazin hakuelewa swali. Nikalirudia.

"Pale kwa mtumbwi kuna kibao," Elkanah alisema. "Kimeandikwa jina la mzee aliyeunda. Sawa. Chini yake liandikwe jina langu, na Rusinga. Na iandikwe hapo kwa hiyo karatasi yako, bosi, nisije nikaambiwa mafi, hakuna."

Mazin alicheka tena, safari hii kidogo. Akaandika. Elkanah akatia sahihi. Pakabaki mahali pa shahidi.

Miaka thelathini na moja ya kazi hii sijawahi kuingia ndani ya habari ninayoiandika. Leo nimetia sahihi.

Jumatano, 28 Januari

Riyadh na ziwa wapi na wapi? Elkanah alikuwa na jibu: istiraha. Zile nyumba za kukodi nje ya mji ambako familia huenda kupumzika mwisho wa wiki, kila moja na bwawa lake la kuogelea. Katikati ya wiki ziko tupu.

Tumepata moja mashariki, ng'ambo ya Al-Naseem. Mwenye nyumba aliuliza wageni wangapi. Mmoja, nikamwambia, urefu mita tano.

Mawe Elkanah hakuyataka, yangekwaruza vigae. Alijaza mchanga kwenye mifuko ya mchele, akaifunga, akaipanga ndani kwa zamu: kushoto, kulia, katikati. Kila mfuko aliushusha kwa mikono miwili. Mtumbwi ulizama polepole, sawasawa, bila kuinama upande. Nimeona mafundi wengi. Huyu ni fundi.

Lawrence alitazama chombo cha babu yake kikikaa chini ya bwawa la buluu, karibu na taa za rangi. Alisema ni mara ya kwanza kuona ziwa la Haliburton lenye ngazi ya chuma. Nikamtafsiria Elkanah. Akajibu: mwambie hata letu halina.

Mazin amepiga simu mara sita. Mapovu bado yanatoka, nilimwambia. Ni habari mbaya au nzuri? Ni mapovu, nilimwambia.

Alhamisi, 29 Januari

Mapovu yamepungua. Saa tatu asubuhi nilihesabu kumi na nne kwa dakika, saa kumi jioni mawili.

Ijumaa, 30 Januari

Umetoka.

Nyufa kumi na moja: tisa zimefungana kabisa, unyasi haupiti. Mbili karibu na ncha ya nyuma bado zinapitisha ukucha. Elkanah alizitia pamba, uzi kwa uzi, kwa bisibisi butu aliyoazima. Kalafati — hilo neno nililisikia mara ya mwisho kwa marehemu baba, aliyetoka Unguja mwaka 1964 na hakuacha kuzungumzia vyombo mpaka anakufa. Nikamtajia Elkanah. Kumbe kwao wanasema tu "kuziba na pamba". Akasema lenu limevaa kanzu.

Lawrence alikuwa amepiga magoti akishika mbao kwa viganja. Aliniambia mafundi waliojua kazi hii kwao wamebaki wazee wachache, na wanafunzi wake wanajua kuuchora mtumbwi lakini wakiona ufa hukimbilia duka la gundi. Aliyasema bila haya. Nimempenda kwa hilo.

Nimepeleka habari. Mhariri alitaka maneno mia nne, nimempa mia nne na kumi. Nimeandika mwishoni kwamba mimi ni shahidi kwenye karatasi ile. Msomaji ana haki kujua.

Jumamosi, 31 Januari. Njiani

Lori, kilomita mia tisa na ushee. Mtumbwi umevikwa mablanketi yaliyolowa. Elkanah kaomba ruhusa kwa kampuni yake, kapewa, kakaa nyuma na madumu ya maji, anayamwagia kila saa. Dereva analalamika lori lake linatiririka kama mbuzi aliyeogeshwa.

Nilimuuliza Elkanah kama anaogopa. "Naogopa sana, mama. Lakini si hii boti. Hii naijua."

Jumapili, 1 Februari. Jeddah

Nimelala kwa kaka yangu Haroub, Al-Safa. Amesoma gazeti. "Muna, siku hizi waandishi mnazamisha vyombo?" Wifi yangu Ibtisam akamwambia mwache, kwa mara ya kwanza kaandika kitu nimekisoma hadi chini.

Nilikula visheti vinne.

Jumatatu, 2 Februari. Jeddah, gatini

Naandika papa hapa, nimesimama.

Wageni kama sitini. Upepo mdogo. Lawrence alitakiwa apande yeye, amekataa: amempa Elkanah kafi ya babu yake mbele ya watu wote. Mazin ana mkoba. Ulipofunguka niliona bahasha mbili. Moja imeandikwa jina la kampuni ya ulinzi. Nyingine bapa, ngumu, ukubwa wa kibao.

Kabla ya kupanda Elkanah aliniomba gazeti. La nini? Kwao, boti iliyotoka kuzamishwa hutandikwa karatasi kavu chini siku ya kwanza, maana maji huonekana kwenye karatasi kabla ya mguu kuyahisi. Nilikuwa na moja tu, lenye habari yangu. Alichana kurasa nne, akazilaza kutoka mbele mpaka nyuma. Ya mwisho iko nyuma, ndipo penye kalafati. Na ndio ukurasa wangu.

Sasa yuko mita arobaini. Anapiga kafi upande mmoja, mtumbwi unakwenda kama umenyooshewa uzi. Lawrence analia, hafichi.

Mazin amepaza sauti: kuna maji?

Elkanah amelaza kafi magotini. Ameinama, ameinua karatasi ya mbele, ameishika juu. Inapepea. Ya pili — inapepea. Ya tatu amegeuka kuifikia, mtumbwi ukayumba, watu wakavuta pumzi pamoja. Inapepea!

Mazin amefungua mkoba. Ametoa ile bapa. Nimesoma: jina la mzee, na chini yake, kwa Kiarabu na Kiingereza, Elkanah Odero, Rusinga. Alikuwa ameshakichapa, mtu yule! Ananiuliza akiweke wapi, hapa au pale karibu na ngazi.

Nimemwambia angoje. Ya nne bado.

Elkanah anahamia nyuma, kwa magoti. Mkono umeshafika kwenye ukurasa wangu.