Kilo za Njoroge

Jumatatu, 3 Machi
Vijiko vinne vya uji. Nusu yai. Tumbo limejaa. Nikapanda mizani. Mia moja na nne. Jana mia moja na nne. Jumatatu iliyopita, mia moja na nne.

Wiki ya saba tangu nipasuliwe na kupunguzwa tumbo. Mwezi wa kwanza ziliporomoka kilo kumi na mbili, nikajiona shujaa. Sasa zimegoma. Daktari anataka nifike themanini na nane ndipo waanze kunipima kama naweza kumpa Njoroge figo. Ndugu yangu ana miaka thelathini na sita, na anasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Damu zetu zinapatana. Kinachozuia ni mwili wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nilitoka kazini Westlands nikapitia kwake Dagoretti. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa mashine, amejilaza. Bucha yake anaiendesha mkewe sasa. Amekonda, kola ya shati inamzunguka. Mimi nahangaika nikonde, yeye anakonda bila kuomba.

Hakuuliza kilo. Haulizi kamwe. Shiru, mkewe, ndiye aliyeuliza. Kwa macho.

Jumapili, 9 Machi
Kinoo, kwa Mama. Amewatangazia kina mama wa kanisa kwamba ikifika Pasaka Njoroge atakuwa na figo mpya. Wakampigia makofi. Nilitaka ardhi inimeze.

Nani alimwambia Pasaka? Mimi. Januari, kitandani hospitalini, nimelewa furaha na dawa za maumivu. Daktari alikuwa amesema mwaka, au karibu na mwaka. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Mama alinipakulia vijiko viwili vya mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, akanitazama nikila. Akauliza polepole, "Na ukiacha hata hivyo viwili?"

Si ubaya. Ni hofu. Ana watoto wawili tu.

Nikaacha.

Jumatano, 12 Machi
Mia moja na tatu na nusu!

Siri: sinywi chochote kuanzia saa kumi jioni mpaka nipime asubuhi. Jana kutwa kikombe kimoja. Chakula cha mchana nilimpa askari wa mlangoni. Mkojo una rangi ya chai ya rangi. Najua. Lakini mizani imesonga.

Ijumaa, 14 Machi
Nilianguka dukani. Nilikuwa namjaribishia mteja miwani, nikaona ukuta unainama. Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, kichwa mapajani mwa bosi wangu Bhavna, ananipepea na daftari la oda. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akipiga honi njia nzima. Mwanamke asiyepigaga honi.

Wakanitundikia maji. Daktari alisoma vipimo vya damu, akavua miwani.

"Figo zako zimeelemewa kwa kukosa maji," alisema. "Hizi hizi unazotaka kutoa."

Alisema zitarudi sawa nikinywa. Alisema uzito kusimama hivi ni kawaida, mwili unajipanga, kisha utashuka tena, pole pole kuliko mwanzo. Na hata nikifika themanini na nane, watangoja uzito utulie kwanza. Pengine mwakani.

Ni yale yale ya Januari. Leo niliyasikia. Nikalia mpaka nesi akaleta kiti akakaa nami.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwambia Njoroge kila kitu. Alikuwa ananyonya kipande cha barafu. Ndivyo anavyodanganya kiu, maji yake hupimwa.

"Mimi nakatazwa maji," alisema, "na wewe unayakataa?"

Nikamwambia Pasaka haiwezekani.

"Pasaka nilijua ni maneno tu. Sikutaka kukuuliza kilo, usije ukaona nakusukuma. Kumbe kunyamaza ndiko kumekusukuma."

"Na nisipofika je?"

"Basi nitakuwa na dada mnene. Nimekuwa naye miaka thelathini na sita."

Tukacheka vibaya, mpaka mshono ukaniuma. Halafu nikamuuliza lile lingine. Kama ataweza kungoja.

"Sijui, Wambui. Lakini afadhali ningoje na wewe kuliko nikuzike."



Jumapili, 23 Machi
Tulimwambia Mama tukiwa pamoja. Mwakani, na bado ni labda. Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya. Viazi vikaisha, akamenya vya kesho.

Mwishowe akauliza daktari alisema ninywe maji kiasi gani. Akaenda jikoni, akarudi na jagi na kikombe, akaviweka mbele yangu. Tulipokuwa tunaondoka alisema atawaambia kina mama wa kanisa mwenyewe, waendelee kuomba, lakini waache kumpangia Mungu tarehe.

Alhamisi, 27 Machi
Mama amepiga simu saa nne, saa saba na saa tisa. Swali moja: "Umekunywa?" Bhavna naye ameanza. Naenda chooni kama mjamzito.

Mia moja na tatu. Yai zima leo, na samaki kidogo.

Jumapili, 6 Aprili
Mia moja na mbili.

Mchana Kinoo. Mvua kubwa. Njoroge alisinzia kwenye kochi kabla chai haijaiva, kichwa kikaniangukia begani. Kwenye mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine, damu hutetemeka ukigusa. Aliwahi kuniambia. Sikuwahi kugusa, niliogopa.

Leo nikaweka kiganja. Inanguruma kama paka aliyeshiba.

Mama alikuja na chai, akatuona, akarudi nayo jikoni. Bega langu likafa ganzi. Sikusogea.