Kwa Nini Aliingia Peke Yake

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini homa imekuachia na watoto wameanza kula. Mimi mwili mzima. Moyo ndio umenituma kuandika.

Siku ya mazishi uliwafukuza mafundi wa shemeji. Ulisema walimwacha mkubwa wao afe huku wamesimama kama nguzo. 

Unaijua kazi yangu kule handakini: kusoma mitetemo na joto la mashine ya kuchimbia, nikadirie meno yake ya kukatia mwamba yataisha lini. Shemeji, msimamizi wa kuyabadilisha, aliniita Daktari wa Meno. Mbele za watu aliachama mdomo wote, eti nimkague gego. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wiki ile vipimo vilionyesha meno ya pembeni yanalika haraka mno. Nikamwambia meneja tusimame palepale, kwenye mwamba imara, tuyabadilishe, maana mbele ulikuwa umepasukapasuka. Meneja akamuuliza shemeji. Shemeji akaweka kiganja kwenye chuma, akasikiliza, akasema bado yanakata vizuri, twende. Dada, kabla ya siku ile sikio lake halikuwahi kumdanganya. Nilibisha, lakini aliyesikilizwa ni yeye.

Meno yakaisha katikati ya mwamba mbovu. Mashine ikagoma, mbele haiendi, nyuma hairudi. Hapakuwa na njia ila watu waingie mbele yake kuyabadilisha, chini ya mawe yale.

Hili ndilo nililopaswa kukuambia makaburini. Mafundi wake walikuwa tayari, kofia kichwani. Shemeji akawazuia kwa mikono miwili kwenye mlango wa chuma wa kuingilia huko mbele, akasema atakagua kwanza peke yake. Walipokataa, akanigeukia mimi: "Shemeji, ulisema kweli. Nimekosea mimi, vijana wangu hawaingii." Akajifungia kwa ndani. Mwamba uliposhuka waliugonga ule mlango mpaka ngumi zikachanika. Yule mrefu uliyemsukuma mbali na jeneza, hata kijiko bado hawezi kukishika.

Hawakumwacha, dada. Yeye ndiye aliyewaacha nje, wakiwa hai.

Wanataka kuja kukupa pole, ila wanakuogopa. Nimewaambia waje Jumapili, nami nitaongozana nao. Ukitufukuza, tutakaa nje ya geti mpaka jua lizame.

Wabusu watoto, na ule japo uji.

Mimi mdogo wako,
nikupendaye.